Mlezi wa Waonjaji Tisa

Siku hizi mtu akistaafu, sauti yake na ujuzi wake hubaki kazini. Hutiwa kwenye kidude cha sikioni, na kila mwajiriwa mpya huvaa kimoja ili aelekezwe. Mimi nilikuwa mwonjaji wa chai kiwandani Tukuyu miaka ishirini na sita. Sasa, kupitia vidude hivyo, nawalea waonjaji tisa, na binti yangu Tusekile ni mmoja wao. Anajifunza haraka. Sina la kulalamika.

Ila kidude hakivui hata nyumbani. Jana tukimenya ndizi alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Nini tena?"

"Si wewe, mama! Eti bosi alionja maji ya kuoshea vikombe, akayasifu!"

Kisa ni changu kweli, lakini yeye sikuwahi kumsimulia. Enzi hizo nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka, na akiniuliza kitu namwambia, "Kasome."

Leo nimeacha majani kwenye birika makusudi hadi chai ikawa chungu. Nikamwekea kikombe. Nilitaka aniulize swali moja tu.

Alivuta funda kwa kelele, kama ninavyowafundisha, akakunja uso. Kisha akainamisha kichwa, kidole sikioni.

"Majani yamekaa mno," nikamwambia. "Ukisikia ukali nyuma ya ulimi, basi..."

Akaniinulia mkono, kwa heshima kabisa.

"Ngoja kwanza, mama. Bado unaongea."