Mkoko wa Miaka Mitano

Siku hizi sheria haina mchezo: anayelala kisiwani kwa likizo hupanda mkoko, na huapa kurudi baada ya miaka mitano kuuangalia. Anayezunguka visiwa kwa meli haulizwi kitu.

“Tuchukue meli,” alisema Makame. Daktari alimwambia amebakiwa na miaka miwili, naye alikuwa ameshaanza kugawa nguo na viatu vyake. “Visiwa saba, na kitanda kilekile.”

Mkewe, Mwanakombo, alimmiminia uji. Akavuta fomu ya kulala kisiwani. Penye “Watakaorudi” akaandika jina lake, kisha la mumewe, kwa herufi kubwa.

Makame aliyatazama majina hayo mpaka uji ukapoa.

“Matope ya huko yanafika wapi?”

“Magotini.”

“Basi mwambie mdogo wako anirudishie mabuti yangu.”