Kadi Yenye Mvumo

Mzee Badru aliingia dukani akiwa bado na kanzu ya hitima ya asubuhi, bakora mkononi. Zulekha, mwenye duka la kompyuta, alimwekea juu ya kaunta kadi mbili za picha, zile za kuchomekwa ndani ya kompyuta.

"Bei zao karibu sawa, baba. Hii ina nguvu kidogo zaidi. Ile feni zake ni kimya. Kompyuta ni ya nani?"

"Ya mwanangu Nasoro. Kadi ya zamani aliiuza. Mpya hakuwahi kuinunua."

"Anacheza michezo gani?"

Badru aliegemea bakora. Vyumba vyao vilipakana miaka sita. Alichokijua cha michezo hiyo ni mvumo wa feni uliopenya ukutani. Yeye alikuwa akigonga ukuta kwa bakora, Nasoro akijibu kwa kugonga mara mbili, na mvumo ukiendelea vilevile.

"Hajacheza chochote siku arobaini sasa," alisema, kama anayetaja hali ya hewa.

Zulekha aliitazama ile kanzu. "Pole, baba. Basi chukua hii ya kimya, haitakusumbua."

"Hiyo nyingine inavuma?"

"Sana. Wateja huilalamikia."

"Iwashe niisikie."

Zulekha aliichomeka kwenye kompyuta ya dukani. Feni zilianza taratibu, kisha zikavuma hadi kioo cha kaunta kikatetemeka. Uso wa Badru haukubadilika. Aliinua bakora, akagonga kaunta mara moja, akainamisha sikio, akangoja.