Honi ya Nahodha Halvor

"Leo sipulizi," alisema Nahodha Halvor, akaiachia kamba ya honi kama mtu aliyeshika kijinga cha moto.

Ndani ya chumba cha usukani watu wakatazamana. Meli yao, Clara Bergstrom, ilikuwa inaingia bandari ya ziwani ya Duluth na shehena ya makaa ya mawe, daraja limekwisha kuinuliwa, na tangu lini meli ikapita hapo bila salamu? Ndefu tatu, fupi mbili: ndivyo manahodha wa ziwa lile wanavyousalimu mji, na wenye wake mjini ndivyo wanavyowaambia waweke sufuria motoni.

Halvor hakuwa na mke. Alikuwa na dirisha.

Dirisha lenyewe lilikuwa mlimani, kwenye nyumba ya kijani iliyotazamana na daraja. Miaka saba iliyopita alipuliza honi, pazia zito likafunguliwa ghafla, na mwanamke akatokea akipunga shuka jeupe kwa mikono miwili. Halvor akaona haya, akapuliza tena. Mwanamke akazidi kupunga. Tangu hapo ikawa desturi. Clara ikiingia asubuhi, nahodha anapuliza mpaka mabaharia wanaziba masikio, na shuka linapepea huko juu.

"Huyo kakufia, Nahodha," Urho mpishi alizoea kusema, darubini machoni. "Tazama! Kakimbilia dirishani na nguo ya kulalia, nywele timtim. Mke wangu mimi, hata nyumba iwake moto, atachana kwanza."

Nahodha alizicheka dhoruba za Novemba, lakini mbele ya mwanamke ulimi wake uliganda. Kila msimu aliapa kuupanda mlima, na kila msimu barafu ililifunga ziwa hajaupanda. Sasa hapakuwa na msimu mwingine. Hii ilikuwa safari yake ya mwisho. Kesho angepanda treni kwenda Cleveland, kuishi kwa dada yake na paka wa dada yake. Alimwogopa yule mwanamke, lakini paka aliwaogopa zaidi.

"Sasa usipopuliza, atajuaje umekuja?" Urho aliuliza.

"Nitabisha hodi kama watu wengine."

Meli ikapita kimya. Pazia halikufunguliwa, na Halvor alijisikia mpweke kuliko alivyotarajia. Walipokwisha funga kamba gatini akanyoa ndevu, akajikata kidevu, akavaa koti lake la harusi za wenzake. Urho akamkabidhi mkate wa iliki, ungali moto.

"Nenda, mzee. Ukirudi na huo mkate, ngazi tunaivuta juu."

Liwalo na liwe, Halvor akaushika mlima. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, na mlima wenyewe ni wa kumkatisha mtu pumzi. Njiani alirudia maneno yake matamu, moja baada ya jingine. Alipofika mlangoni hakukumbuka hata moja. Akabisha.

Akafungua mwanamke wa makamo, shali mabegani, macho mekundu.

"Mimi… Halvor," alisema, akiusukuma mkate mbele. "Nahodha wa Clara Bergstrom. Yule wa honi."

Mwanamke akamtazama kuanzia buti hadi kofia.

"Kumbe ndiye wewe!" akafoka. "Miaka saba! Napika usiku kucha kantini ya kiwanda cha chuma, narudi nijilaze kidogo, mara wewe huyo, unaningurumia masikioni! Nakupungia shuka unyamaze, nawe ndiyo kwanza unazidisha! Mwanamume gani wewe?"

Masikio ya Halvor yakawaka moto. Miaka saba ya furaha yake yote ilimpita mbele ya macho, ikiwa na nywele timtim. Akaomba radhi kwa sauti isiyosikika, akageuka, akaanza kuteremka ngazi na mkate wake kwapani.

Mwanamke akamdaka mkono wa koti.

"Unakwenda wapi tena? Leo nimechungulia pembeni mwa pazia, nikaiona Clara inapita kimya. Unadhani nimepata hata lepe la usingizi? Nimekaa kitandani nalia kama mjinga, nikijua ziwa limekuchukua."