Kikohozi cha Baba Mkwe

"Kaza, mama! Zuia kama uko kanisani," alisema muuguzi, Sista Tulinagwe.

Nilikaza. Kipira cha kupimia nguvu ya misuli kilikuwa ndani ya njia ya haja kubwa, lakini mshale wa presha haukusogea. Uzazi ulikuwa umenichana, na kwa miezi mitano nilikuwa najichafua. Kama misuli imekufa, kazi yangu ya ualimu basi.

Mara baba mkwe akakohoa nje ya mlango. Alikuwa ameniletea ndizi. Kwetu Rungwe mke haonani na baba wa mumewe, hivyo mzee hukohoa ili mkwe ajifiche. Mwili wangu wote ukakaza, tayari kukimbia.

Mshale ukaruka.

"Nguvu ipo! Mzee, hebu kohoa tena!" sista akapaza sauti.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Juzi, nikitupa udongo kaburini kwa baba mkwe, nilitega sikio.