Usinijibu, Mama

Mama alikunja jani la kimchi, kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, jekundu kwa pilipili, kwa vidole vilivyotoka kupanga viatu mlangoni. Akampelekea Haewon mdomoni.

"Haya, fungua, mwanangu."

"Mama, umenawa?"

Miaka yote Mama alijibu, "Nimenawa," ndipo Haewon akala. Lakini daktari wa Haewon alikuwa amemkataza Mama kujibu: jibu hilo ndilo linaloulisha ugonjwa wake wa kuogopa uchafu. Na mikono ya Haewon ilikuwa imechanika kwa kunawa, mpaka vifundo vya vidole vinavuja damu.

"Umenawa, hujanawa? Sema basi!" Haewon alilia.

"Jitu zima kunililia kama kichanga!" Macho ya Mama yalijaa machozi. "Basi, mwanangu, nime…"

Haewon akamziba mdomo kwa kiganja chake kilichochubuka.

"Usinijibu."

Akafunga macho, akafungua kinywa.