Dawa ya Kiungulia

"Hongera, mama," alisema muuza dawa huku akimfungia vidonge vyake vya kichwa. "Mzee alitaka kutuficha, lakini dawa ya kiungulia cha wajawazito hainunuliwi bure."

Mke wa seremala alikuwa amesimama mbele ya kaunta iliyomfika kifuani, na gauni lake la kazi lilikuwa pana. Kijana wa watu alikuwa na haki ya kukosea.

"Miezi hii ya mwisho ndiyo yenyewe," akaendelea. "Ulalie ubavu wa kushoto. Miguu ikizidi kuvimba, au kichwa kikikuuma sana, usingoje siku ya kliniki. Na mtoto akipunguza kucheza, vivyo hivyo."

"Mzee ndiye aliyekwambia?"

"Hata hakusema. Nilikusikia mwenyewe kwenye simu yake, kaweka spika. Sauti ilikuwa inakwaruza, nikajua una mafua. 'Baba, usisahau malapa makubwa, yangu hayaniingii tena.' Nikasema, mama kashafika ukingoni."

Alichukua vidonge, akashukuru, akatoka.

Baba. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomwita mumewe tangu walipopata mtoto. Huyo mwanamke, awe nani, kachukua mume na jina la nyumbani juu yake.

Alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na wasichana walimwita Kamanda akishawapa kisogo. Mimba aliijua kabla ya mwenye nayo. Aliijua kwa sweta linalovaliwa kwenye joto, kwa anayeinuka kitini kwa kushika meza, kwa anayeamka na uso mzito. Hakuna tumbo lililowahi kupita mlango wa bweni lile bila yeye kuliona. Juzijuzi tu alikuwa amemrudisha mmoja kwao, na jioni akamsimulia mumewe mezani.

"Angekuwa wangu," alisema, "begi lake lingetangulia nje, yeye afuate."

Seremala aliacha kutafuna. Kisha akasema mboga imezidi chumvi.

Sasa jicho lile likageukia nyumbani. Kesho yake alipita karakana bila taarifa. Mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, anapiga msasa kitanda kidogo chenye fito pembeni. Kila akimaliza ufito aliupitisha shavuni, kuona kama unakwaruza.

"Cha nani?"

"Cha mteja."

"Mteja gani anayepimiwa mbao kwa shavu?"

"Mtoto ana ngozi laini, mama," alijibu, na hakumtazama.

Hakulia. Kulia ni kwa mtu ambaye hajapata uhakika, na yeye alikuwa nao. Alichotaka ni sura tu, ajue nani anamla huku akimpuliza. Akampigia simu binti yao wa pekee, aliyekuwa amehamia mji mwingine kwa kazi mpya na bado hajapata likizo.

"Baba yako ana mwanamke nje," alimwambia. "Na ana tumbo kubwa."

Kule feni ilisikika ikizunguka.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Nakuomba usimfuatefuate baba."

Matroni akakaa kitandani taratibu. "Kwa hiyo unajua."

Kule feni ikazimwa.

"Huyo mwanamke unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Mmekuwa mnakaa mnanicheka, wewe na baba yako na huyo malaya."

"Hakuna anayekucheka, mama." Sauti ya binti ilikuwa imeshuka sana. "Yule mtu anakuogopa. Kila siku anasema atakuja akuombe radhi, halafu miguu inamkatalia."

"Ina haki ya kumkatalia," alisema mama yake, akakata simu. Mtoto aliyemzaa kwa uchungu wa usiku na mchana amesimama upande wa mwizi. Hilo ndilo lililomtoa machozi.

Jumamosi mchana seremala alipakia kile kitanda kwenye mkokoteni, akakifunika shuka, akaondoka akiusukuma mwenyewe. Mkewe akamfuata kwa mbali, mwavuli umemziba uso. Walivuka soko, wakapita nyuma ya karakana za magari, wakaingia mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyopangana kama meno. Mkokoteni ukasimama mbele ya chumba cha mwisho. Seremala akaingiza kitanda ndani bila kubisha, kama mtu anayeingia kwake.

Alimwacha kwanza. Fumanizi la haraka humpa mtu nafasi ya uongo. Alipoona wametulia, akafunga mwavuli, akalivuta pazia.

Mumewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati kaikunja, anakanda miguu iliyovimba ndani ya beseni la maji. Ndivyo alivyomkanda yeye zamani, alipokuwa na tumbo lake. Mwanamke mwenyewe alikaa kitandani, mgongo umeelekea mlangoni, kilemba kichwani, mabega mazito ya mtu aliyekaribia kujifungua.

Seremala akainua macho. Hakuruka, wala hakujitetea. Alimwambia tu yule aliyekaa, polepole, "Amekuja."

Matroni alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tayari, makali yote. Yakamkwama. Yaliyotoka yalikuwa yale aliyozoea kuwaambia wasichana wa bwenini.

"Geuka nikuone."

Mwanamke akageuka kwa shida, mkono mmoja chini ya tumbo, uso umemvimba kwa kilio.

"Shikamoo, mama," binti yao alisema.