Kigoda cha Malkia

Tangu asubuhi Serwaa alikuwa amekataa kila kigoda katika maduka ya vitu vya kale ya Kumasi, na mama mkwe wake amechoka kusimama kama mlingoti.

"Hiki kipya, wamekipaka rangi ya viatu tu. Mama, sebule yangu inataka kigoda chenye historia."

"Magoti yangu yana historia. Kalia hayo, twende zetu."

Muuzaji akaleta kingine, kimebonyea katikati, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. "Hiki alikikalia mama wa mfalme, dada."

Serwaa akakikalia, akainuka uso umechanua. Mama mkwe, kwa mazoea, akakilaza ubavu, maana kigoda kitupu kikiachwa wima, mzimu mzururaji hujikalia.

Ndipo akauona, chini kwenye ufa, waya alioufunga kwa mikono yake mwenyewe. Akanusa. Pilipili! Kumbe ni kigoda chake cha jikoni, kile Serwaa alichokitupa pamoja na "takataka", akamwachia kiti cha plastiki kinachomng'ata mapaja.

Akafungua mdomo aseme. Akaufumba. Serwaa akijua ni cha jikoni, atakiacha papo hapo. Na tangu aolewe, Serwaa hajawahi kufuata ushauri wake hata mmoja.

"Kibaya hicho," akasema, amekunja pua. "Usithubutu kukiingiza nyumbani."

Serwaa akamtazama juu mpaka chini, akamgeukia muuzaji.

"Kaka, nifungie hicho hicho."